Nyuma ya Makopo ya Rangi

Saa kumi usiku, Duluth, nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Delbert Kangas karudi kutoka kusukuma theluji ya manispaa,
masikio mekundu, vidole vimesahau kazi yake.
Akatia bakuli la supu ya njegere kwenye maikrowevu,
akafunga mlango, akabonyeza.

Kimya.

Si kile kimya cha mashine inayofikiri.
Kimya cha sanduku.
Saa yake ya kijani, iliyomkodolea macho miaka tisa,
imefumba.

Akaanza mwanzo, kama mtu mwenye akili zake:
plagi akaichomoa, akaipuliza, akairudisha;
akaichomoa tena, akayakagua meno yake, hayana masizi.
Mlango akaufungua, akaufunga, akaubamiza,
huenda ni kikomeo tu kimelegea.
Akaleta taa ya kusomea kutoka chumbani,
akaichomeka kwenye soketi ileile:
giza.
Kumbe si wewe, akaiambia maikrowevu,
akaipapasa ubavuni
kama mtu anayemwomba radhi aliyemsingizia wizi.

Akashuka chumba cha chini ya ardhi.
Swichi zimejipanga gwaride, zote zimeelekea upande mmoja,
kila moja na jina lake, mwandiko wa Orrin:
JIKO. SEBULE. MAMA.
Akaizima ya jiko, akahesabu hadi tano, akaiwasha.
Akapanda.
Taa ya kusomea haina habari naye.

Bisibisi ilikuwa mezani, inamwita.
Fyuzi iko humo ndani, parafujo sita tu.
Lakini sauti ya Orrin ilishawahi kumwonya:
kidude hicho usikifungue,
hata kikichomolewa kuna umeme umejibana ndani
unakusubiri.

Orrin. Fundi wa waya. Tumbo moja, mitaa kumi na miwili kutoka hapa,
na tangu Novemba hata salamu.
Waligombana juu ya paa.
Paa la nyumba ya mama: nani alilipia vigae,
nani alishika ngazi tu na kutoa maoni.
Na wiki hiyohiyo walikuwa wamewinda paa,
wakamchinja pamoja, wakamgawa nusu kwa nusu
kabla ya maneno kuharibika.
Lugha nyingine zingetafuta majina mawili;
yetu inajua ugomvi na kitoweo hulala chumba kimoja.

Supu imeota utando.
Akapiga simu.
Ikapokelewa mlio wa pili.

«Jikoni hakuna umeme, upande wa sinki.»

Kimya.
Hiki sasa ndicho kile cha mashine inayofikiri.

«Umeangalia gereji?»
«Gereji kuna nini?»
«Nyuma ya makopo ya rangi. Soketi ya vitufe viwili,
bonyeza chekundu. Waya wa jiko niliuvuta kutoka pale.
Mama alikuwa na haraka, na mimi nilikuwa mvivu.»

Akaenda na simu sikioni, pumzi yake ikifuka mbele yake.
Makopo matano, moja limevuja likagandana na rafu.
Akapenyeza mkono kwenye utando wa buibui.
Tak.

Pembeni, friza likashtuka, likaanza kunguruma.
Hakujua kwamba nalo lilikuwa limekufa, wala tangu lini.
Akainua kifuniko, moyo juu.
Nyama jiwe. Siku zote hizo
baridi ya Duluth ilikuwa imelishikia zamu.
Juu kabisa, karatasi ya bucha na kalamu nyeusi:
ORRIN, NUSU.

«Imewaka?» simu ikauliza.

Angeweza kusema asante.
Angeweza hata kusema vigae vilikuwa dola mia nne,
na kwamba risiti ameipata.

«Paa wako hajayeyuka,» akasema.

Upande wa pili mtu akavuta kiti.
Na jikoni, sifuri za kijani zinapepesa, zinapepesa,
zikingoja mtu aziambie
ni saa ngapi.